Hesabu ya Mlima

Wanaosifu safari ndefu za baiskeli pamoja na marafiki hupenda kuanzia kwenye tambarare. Husimulia barabara iliyonyooka, maongezi ya bega kwa bega, ubaridi wa alfajiri na vicheko vya watu ambao miguu yao haijaanza kudai. Yote hayo ni kweli, ila hayatuambii lolote kuhusu urafiki wao. Kwenye tambarare hata watu wasiopendana huendesha pamoja, kwa kuwa kufanya hivyo kunampunguzia kila mmoja kazi. Ninachotetea hapa ni kwamba msafara wa baiskeli hupimwa mlimani, mahali ambapo kukaa pamoja hakumlipi mwenye nguvu hata senti moja, na kwamba siku ya safari ipangwe kwa kuutazama mlima kabla ya kuhesabu kilomita. Hoja ya mlima haijadiliki bila mlima wenyewe, kwa hiyo nitaiweka Nyabibuye, katika nyanda za juu za Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, na kuielekeza Kakonko, Kibondo na Kasulu.

Nyabibuye ni kata ya Wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Nchi hii ya Waha, yaani Uha, imekunjamana. Barabara inashuka hadi bondeni penye kijito, inavuka daraja dogo, kisha inadai kurudishiwa kimo chote ilichokitoa. Mashamba ya maharage, muhogo na migomba yamepanda mpaka kwenye migongo ya vilima. Msimu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi karibu Mei, huugeuza udongo mwekundu kuwa gundi inayojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kiangazi udongo uleule huwa vumbi laini ambalo tairi huzama ndani yake. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Nyakanazi kwenda Kigoma ilikuwa adhabu kwa kila aliyeipita, hadi lami ilipoanza kujengwa kipande kwa kipande: Kidahwe hadi Kasulu, Nyakanazi hadi Kabingo, halafu mradi mrefu wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu wenye kilomita 260. Lami huondoa matope na vumbi. Mlima huuacha palepale.

Tuje kwenye hesabu, maana wengi wanaopanga safari hizi hawaifanyi. Anayeendesha kwenye tambarare kwa kilomita 30 kwa saa hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuikata hewa iliyo mbele yake. Nguvu inayohitajika kwa kazi hiyo hukua kwa kasi ya kutisha: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inatakiwa mara nane. Kwa kundi la marafiki, kanuni hii ni rehema kwa njia mbili. Anayejibanza nyuma ya mwenzake hupata nafuu kubwa, pengine hata theluthi ya kazi yake, na nafuu hiyo haimgharimu chochote aliye mbele. Pia tofauti za watu hufichika. Mwenye nguvu mara mbili ya mwenzake hawezi kwenda mara mbili ya mwendo wake. Kama kizuizi pekee ni hewa, atamzidi kwa kama robo tu, na robo hiyo yenyewe humezwa pale aliye dhaifu anapojificha nyuma yake. Hivyo watu wasiolingana kabisa wanaweza kupiga kilomita 80 za tambarare, wakafika pamoja, wakaagiza chai pamoja na kuamini kwamba wamelingana.

Mlimani hesabu inageuka. Kwa kilomita nane kwa saa hewa haidai karibu chochote. Kinachodai ni uzito: wa mtu, wa baiskeli na wa mzigo. Uzito hauna kivuli cha kujificha. Mtu mwenye nguvu mara mbili, uzito ukiwa sawa, hupanda kwa mwendo mara mbili. Mwinuko unaomchukua dakika 30 unamchukua mwenzake saa nzima. Tambarare ilikuwa ikiwasawazisha kwa siri, mlima unawatangaza. Tena unawatangaza mara kwa mara, kwa kuwa katika nyanda za juu za Kigoma mwinuko mmoja humalizikia kwenye mteremko unaokupeleka moja kwa moja kwenye mwinuko mwingine. Ukiipanga siku kwa kilomita, umeipanga kwa kipimo kinachomfaa mwenye nguvu. Kilomita 60 za Nyabibuye na kilomita 60 za Pwani zina jina moja tu, kazi zake hazifanani.

Ushahidi wa haya ulionekana kwa jirani Septemba 2025, Kigali ilipokuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Mbio kuu za wanaume zilikuwa za kilomita 267, zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda ukizijumlisha. Walioanza walizidi 160. Waliomaliza walikuwa 30. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda baada ya kwenda peke yake kwa makumi ya kilomita. Wale ni watu ambao kazi yao ni kukaa kwenye kundi, wanaojua kila hila ya kutumia mgongo wa mwenzao, wenye timu za taifa zilizopangwa kwa ajili hiyo. Milima ya Rwanda, ambayo ni ndugu wa milima ya Uha, iliwapepeta hadi wakabaki wachache. Silalamiki, kwa kuwa shindano limewekwa ili watu watengane. Lakini kundi la marafiki linalotoka alfajiri likiwa na picha ya kundi la televisheni kichwani litashangaa kabla ya saa nne asubuhi, litakapojikuta limetawanyika kwenye vilima vitatu, kila mmoja akiamini kwamba mwenye kosa ni mwingine.

Marafiki watafute walimu wengine, na hao hawako mbali. Katika barabara za Kasulu na Kibondo, kama ilivyo Burundi na mashariki mwa Kongo, baiskeli ni lori la asiye na lori. Phoenix au nyingine ya zile nzito za chuma, yenye giya moja na keria iliyoimarishwa kwa nondo, hufungwa magunia ya maharage au muhogo, mikungu ya ndizi, mkaa, madumu ya mawese. Tupu ina kilo 20 hivi. Ikishapakiwa inaweza kumzidi mwenyewe uzito, na penye mwinuko haiendeshwi tena, inasukumwa. Wenye mizigo hupenda kwenda wawili au zaidi. Wakifika kwenye mwinuko mkali, wawili husukuma baiskeli moja, mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya mzigo, wanaifikisha juu, wanaiegemeza kwa gongo, kisha wanarudi kuichukua ya pili. Hesabu hatua zao: kila mmoja ameutembea mwinuko ule mara tatu, kupanda, kushuka na kupanda tena, badala ya mara moja. Hakuna hewa iliyowalipa fadhila. Huu ndio msafara ambao gharama yake inaonekana kwa macho.

Atasema mtu kwamba hapo hakuna urafiki, kuna kubadilishana kazi: nisukumie, nami nikusukumie. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini kubadilishana kunataka pande mbili zinazolingana, na mlima umekwisha kutuonyesha kwamba pande mbili hazilingani. Mwenye misuli ambaye angeweza kuusukuma mzigo wake peke yake hadi juu anapoteza katika biashara hiyo, na anajua kwamba anapoteza. Wala daftari halipo. Anayekatikiwa cheni leo hawekewi deni litakalolipwa kesho kwa cheni ya mwingine. Huenda kesho wasiwe pamoja. Mtu akiendelea kulipa pale ambapo hesabu inamwambia asilipe, tunaweza kubishana kuhusu jina la jambo hilo, ila faida si jina lake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ninawapamba maskini. Anayesukuma gunia la maharage hakutoka kutafuta umoja, ametoka kutafuta ada ya shule na sabuni, na angepewa pikipiki asingeigusa tena baiskeli. Nakubali yote hayo. Mfano mkali uko Burundi: vijana wanaoteremsha ndizi kutoka Bugarama hadi Bujumbura wamezoea kurudi juu kwa kujishika nyuma ya malori yanayopanda, na wapo waliokufa hivyo. Hakuna anayefanya hivyo kwa kupenda mchezo. Kutoka Bujumbura hadi Bugarama kuna zaidi ya mita 1,000 za kupanda, na hakuna rafiki anayeweza kumsukuma mwenzake kimo hicho. Mlima ukizidi, mtu hutafuta injini hata kama injini hiyo itamuua. Hapa nakiri kwamba urafiki una mpaka wa misuli. Lakini pingamizi hili linapotea njia linapotaka umaskini ueleze kila kitu. Umaskini unaeleza kwa nini mtu yuko barabarani na mzigo. Hauelezi kwa nini, akishafika juu na mzigo wake salama, anageuka na kushuka tena kumfuata mwenzake, wakati kila dakika anayopoteza ni dakika ya soko. Kama asiye na ziada anaweza kuitoa saa hiyo, mwenye likizo, giya nyingi na chupa mbili za maji hana sababu ya kusema kwamba kusubiri kunamharibia safari.

Kusubiri kwenyewe nako kuchunguzwe, maana kuna kusubiri kwa aina nyingi. Misafara ya karne ya 19 iliyopita katika nchi hii kwenda Ujiji ilimtazama sana wa nyuma. Henry Morton Stanley aliivuka Uha ya kusini mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akilipa hongo ya vitambaa kwa watawala wa njiani. Wapagazi wa misafara ya namna hiyo walibeba mizigo iliyofikia frasila mbili, yaani kama kilo 32, na waliangaliwa kutoka mkiani kwa sababu mpagazi aliyebaki nyuma aliweza kutoroka na mzigo. Jicho la mkiani lilikuwa la mlinzi wa mali. Leo jicho hilo linaonekana kwa namna nyingine: mwenye nguvu anafika kileleni, anakaa kwenye jiwe, anatazama saa, na mara mwenzake anapofika akihema anapanda baiskeli na kuondoka. Kwa hesabu ya dakika amesubiri. Kwa hesabu ya pumzi hakusubiri, kwa kuwa aliyechoka kuliko wote ndiye pekee ambaye hakupumzika. Makundi mengi huvunjika kwa kosa hili dogo, na anayelitenda huwa wa mwisho kulijua kwa sababu yeye anakumbuka kila dakika aliyosubiri.

Basi si heri kila mtu aende kivyake? Wapo wanaofanya hivyo kwa mafanikio. Safari ya Tour d'Afrique, inayofanyika tangu 2003 kutoka Cairo hadi Cape Town, kama kilomita 12,000, humwacha kila mwendeshaji aende kwa mwendo wake. Magari hubeba mizigo na vyakula, na jioni watu hukutana kambini. Ni mpango wa busara na sioni haya kuusifu, ila tuone umefanya nini: kazi ya kumbeba mwenzako imepewa gari. Aliyelilipia gari amenunua haki ya kutomngoja mtu. Naye anayepita Uha peke yake bila gari hayuko peke yake kama anavyodhani. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, katika miaka ya ujamaa, iliwahamishia watu kwenye vijiji vilivyopangwa, vingi vikiwa kando ya barabara. Uhamisho huo uliwaumiza wengi waliotolewa kwenye mashamba na makaburi ya wazee wao, na hilo lisifichwe. Matokeo yake kwa mpita njia ni kwamba kila baada ya mwendo si mrefu anakuta kisima, kibanda cha chai na maandazi, fundi mwenye pampu, solusheni na viraka vya mpira. Msafiri anayejisifu kwamba hakumtegemea mtu amehamisha utegemezi wake tu, kutoka kwa marafiki ambao wangeweza kumdai kwenda kwa wanakijiji ambao hatawaona tena.

Lipo pingamizi la mafundi, kwamba tatizo lote ni vyuma. Mpe kila mtu baiskeli nyepesi yenye giya ndogo za kupandia, na hakuna atakayehitaji kusukumwa. Au waache wote wapande bodaboda, kama ambavyo abiria na mizigo mingi ya vijiji hivi imekwisha kuhamia huko. Giya ndogo ni neema, na anayezidharau hajawahi kupanda kutoka bondeni akiwa na giya moja. Lakini giya hupunguza ukali wa kila mzunguko wa pedeli, haipunguzi tofauti ya nguvu kati ya watu wawili. Anayepanda polepole kwa giya ndogo bado anapanda polepole, na pengo linabaki lilelile, ila sasa analipitia akiwa amekaa. Kwa maana moja giya hata huficha hitaji la msaada: anayesukuma baiskeli kwa miguu anaonekana kutoka mbali, anayezungusha pedeli taratibu huonekana mzima mpaka anapoanguka kwa kiu au njaa. Kuhusu bodaboda, ninachosema kinawahusu waliochagua kwenda kwa miguu yao. Aliyechagua injini amejibu swali lingine.

Kwa hiyo marafiki wafanye nini hasa? Desturi inamwambia mwenye nguvu apunguze mwendo. Ushauri huo ni wa heshima lakini ni wa nusu, kwa sababu kupanda kwa mwendo usio wako kunachosha miguu, na mwenye nguvu anayejizuia kutwa nzima huishia kununa. Hesabu ile iliyowatenganisha inaonyesha njia bora. Mlimani muda wa mtu ni uzito wake ukigawanywa kwa nguvu zake. Nguvu haihamishiki, uzito unahamishika. Chukua watu wawili, kila mmoja, pamoja na baiskeli na mzigo wake, akiwa na kilo 100, na mmoja awe na nguvu kwa theluthi zaidi ya mwenzake. Mwinuko unaomchukua wa kwanza dakika 30 utamchukua wa pili dakika 40. Sasa hamisha kilo 15 kutoka keria ya dhaifu hadi keria ya mwenye nguvu: mmoja ana kilo 115, mwingine 85. Piga hesabu upya na utaona kwamba wanafika kileleni pamoja, kwa dakika 34 hivi, kila mmoja akitumia nguvu zake zote na bila yeyote kumvumilia mwenzake. Hema, sufuria, maji, unga na vifaa vya pancha vikigawanywa kwa kulingana na miguu, mlima unakuwa wa haki. Wasukuma magunia hawawezi kufanya hivi, kwa sababu kila gunia ni riziki ya mwenyewe na huwezi kumhamishia mwenzako riziki yako. Ndiyo maana wao husaidiana kwa mikono. Wenye hema wanaweza, na hawana kisingizio.

Kizuizi kinachobaki ni fahari, na hicho ni kigumu kuliko mwinuko wowote wa Kakonko. Mwanamume mzima kumkabidhi mwenzake begi lake mbele ya watoto wa kijiji ni jambo zito. Pengine mwenye nguvu katika kundi ni mwanamke, na hapo baadhi ya wanaume wangependelea kuzimia kuliko kumpa unga aubebe. Ndiyo sababu mgawanyo ufanywe jioni kabla ya safari, wakati hakuna anayehema na kila kitu kimewekwa chini kama mali ya wote. Anayepewa kilo chache asubuhi amepewa mpango. Anayepokonywa begi saa saba mchana katikati ya mwinuko ameaibishwa, hata kama aliyelichukua ana nia njema kabisa.

Mteremko nao una sheria yake, nami nitausemea kwa ufupi. Mzigo uliomchelewesha mtu akipanda humharakisha akishuka, na breki za baiskeli za chuma huwa dhaifu, dhaifu zaidi zikilowa. Kwa hiyo aliyechukua kilo 15 za mwenzake ashuke wa mwisho, akiacha nafasi mbele yake, na wote wasimame darajani wahesabiane kabla ya kuanza mwinuko unaofuata. Huko bondeni ndiko kwa kunywa maji na kumwachia aliyefika mwisho muda wa kupumua.

Msomaji unayepanga kutoka Nyabibuye na wenzako kiangazi kijacho, anza kwa kuhesabu vilima, kisha mwulize yule ambaye huwa wa mwisho ni vingapi anaweza kuvipanda kwa siku. Idadi atakayoitaja ndiyo siku yenu, hata kama itawafikisha Kakonko tu wakati mlitaka kulala Kibondo. Halafu chukueni mizigo yote sokoni mkaipime kabla ya kuifunga kwenye keria. Wauza maharage wana mizani.